Mdachi na Kisukari cha Mkwewe

Asubuhi Nadhir alipoyakuta majani ya chini ya mgomba yamegeuka manjano, alijiambia ni kiu. Maji ya falaj, mfereji wa kijiji kizima, yalikuwa yamepungua tangu joto lilipoanza, na zamu yake ya kumwagilia ilichelewa kumfikia. Akaufungua mlango wa mfereji, akayaacha maji yaingie mpaka udongo ukalainika, kisha akenda zake nyumbani kunywa kahawa.

Aliporudi baada ya siku chache, majani yalikuwa yamevunjika kwenye vikonyo, yananing'inia kuuzunguka mgomba kama marinda. Akachukua panga, akaukata mgomba ule karibu na ardhi, akainama kutazama. Ndani, pale panapotakiwa pawe peupe, palikuwa na madoa mekundu ya kahawia yaliyojipanga duara. Akaukata wa pili, na wa tatu. Yote ilikuwa vivyo hivyo.

Mtu mrefu yule, kanzu yake ya dishdasha kaifunga kiunoni, akakaa kitako matopeni.

"Mnyauko," alisema peke yake, kwa Kiswahili.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Rainer Holtkamp. Alizaliwa Ujerumani, katika nyumba ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alipokuwa mtoto wa skuli, jirani yao alinunua ndama mnadani, na ndama yule akaja na maradhi ya miguu na midomo. Serikali ikaamuru wanyama wote wa pale wauawe. Rainer alisimama dirishani akaona ng'ombe wa baba yake, ambao aliwajua mmoja mmoja kwa jina, wakisukumwa shimoni na kumwagiwa chokaa. Baba yake na yule jirani waliendelea kukaa benchi moja kanisani mpaka uzeeni, lakini hawakusemezana tena.

Shamba lilimwendea kaka yake mkubwa, kama ilivyo ada ya kwao. Yeye akasomea kazi ya umwagiliaji, akatafuta ajira mbali, na miaka ya themanini ikamkuta Oman, kwenye shamba la majaribio nje ya Nizwa. Wenzake kazini walishindwa kulitamka jina lake. Kijana mmoja, Nasr, akasema, "Huyu tumwiteni Nadhir, yakhi, ndilo lililo karibu." Jina likamkaa. Hata aliposilimu hakutafuta jingine.

Nasr ndiye aliyempeleka kijiji cha Birkat al Mauz. Babu yake Nasr aliacha bustani pale chini ya mlima, mitende na migomba, ikakaa muda mrefu bila mwenyewe kwa kuwa watoto wake wote walikuwa Unguja. Familia ilirudi Oman mwanzoni mwa miaka ya sabini, mama mjane na watoto wake wawili, wakaukuta ukuta wa udongo umebomoka na mitende imekonda. Nadhir alizunguka bustani ile akigusa kila kitu kwa mkono, mifereji, mashina, udongo, na aliporudi kivulini aliletewa kahawa na dada yake Nasr, Fawziya. Tangu siku hiyo akawa hakosi sababu ya kuja kutazama mifereji.

Mama yao, Bi Turkiya, alipopelekewa posa alicheka kwanza. Kisha akakasirika.

"Mdachi? Nimetoka Unguja na kilio changu, nimelea watoto wangu kwa cherehani, leo nimpe Mdachi?"

Nasr alimbembeleza mwaka mzima. Mwishowe Bi Turkiya akaweka sharti moja. Hatasema na mtu huyo Kiarabu wala Kiingereza. Akimtaka mwanawe, ajifunze lugha ya nyumbani mwake. Nadhir akajifunza, na kwa kuwa mwalimu wake alikuwa Bi Turkiya, alitoka na Kiswahili cha mjini Unguja cha zamani, kizuri kuliko Kiarabu chake mpaka leo. Alimwita mkwewe "Mama". Mkwewe alimwita "Mdachi" mbele za watu, na "mwanangu" akiumwa.

Wakaishi nyumba moja, Nadhir na Fawziya, binti yao Wiam aliyekuja kuwa mwalimu mji wa jirani, Izki, na Bi Turkiya mwenye chumba chake kinachotazama bustani. Bustani ilikuwa ya Fawziya kwa urithi, na mikono ilikuwa ya Nadhir. Akajenga upya kuta, akarudisha migomba, na wazee waliokuwa wakimcheka wakaanza kuja kumwomba rai.

Miaka kadhaa kabla ya asubuhi ile ya panga, Bi Turkiya alikwenda Unguja kutembea. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu aondoke. Alirudi na kanga, karafuu, achari, na chini ya begi, ndani ya gunia bichi, miche ya ndizi kisukari.

Nadhir aliiona wakati begi likifunguliwa.

"Mama, hii haifai," alisema. "Mche wa nje unaweza kuwa na maradhi yasiyoonekana. Unakaa miaka ndipo yanatoka."

"Maradhi gani? Nimeing'oa uani mwa nyumba ya marehemu baba yangu. Pale pana maradhi?"

"Hata pale, Mama."

"Basi ichome," alisema Bi Turkiya. "Ichome, kama ndivyo ulivyo moyo wako."

Akaichoma nyuma ya nyumba. Bi Turkiya hakulia. Aliingia chumbani kwake, na chakula alichopelekewa kikarudi kama kilivyo, siku ile na ya pili yake. Asilojua Nadhir ni kwamba Fawziya, wakati wao wakibishana, alichomoa miche miwili akaificha ndani ya beseni la nguo. Akaipanda mwisho wa bustani karibu na ukuta wa nyuma, na mumewe alipouliza, akamjibu kwamba ni ndizi za kienyeji, amepewa na jamaa Izki. Nadhir akatikisa kichwa, akaendelea na kazi yake.

Mkungu wa kwanza ulipoiva, Bi Turkiya alikaa ukumbini akamenya kidogo kidogo, akafumba macho. Kisha akaanza kuhadithia, ua wa nyumba yao, kisima, shangazi yake aliyekuwa akiiba ndizi kumpa kasuku. Alihadithia mpaka magharibi. Wiam hakuwahi kumsikia bibi yake akisema mengi namna ile. Nadhir naye alipewa ndizi moja. Aliila yote, akatoka nje.

Sasa mnyauko ulikuwa umeingia, na ulianzia kule kule kwenye ukuta wa nyuma.

Angeweza kuing'oa migomba michache, akafukia, akakaa kimya. Nadhir alipiga simu idara ya kilimo mwenyewe. Afisa akaja, akachukua vipande vya mashina, na majibu yalipotoka akasema migomba yote ya bustani ile lazima ing'olewe. Kisha akauliza maji yanayobaki yanakwenda wapi.

"Kwa Adham," alisema Nadhir.

Adham ni jirani wa chini. Wazee wake walirudi kutoka Bujumbura, na yeye alifanya kazi ya mshahara kwenye kampuni mpaka akachoka, akaja kuifufua bustani ya marehemu baba yake. Alikuwa ametengeneza mahali pa kupumzikia wageni katikati ya migomba, meza za mbao, feni za kunyunyiza maji, na watu wa Maskati walikuwa wakija na watoto wao kupiga picha. Afisa aliposhuka kwake alimkuta Adham anamwagilia migomba yenye majani manjano, akidhani ni kiu.

Habari ikaenea upesi. Kwa zaidi ya miaka thelathini watu walikuwa wamesahau kumwita Nadhir mgeni. Wiki ile wakakumbuka. "Al-Almani ndiye aliyeleta," walisema dukani, yaani yule Mjerumani. Msikitini, baada ya sala, watu wa kulia na kushoto kwake waliinuka haraka bila kumpa mkono. Mtu mmoja akatupa mgomba uliooza mbele ya mlango wao. Fawziya ndiye aliyeuona kwanza. Aliuburura mpaka nyuma ya nyumba kabla mama yake hajaamka.

Wakaitana kwenye sabla, baraza la wanaume. Mzee Marzouq, wakili wa falaj anayegawa zamu za maji, ndiye aliyesimamia.

"Ya Nadhir," alisema, "miche ya upande wa nyuma uliitoa wapi?"

"Ni shamba nililolilima mimi. Kosa ni langu."

"Sikukuuliza kosa la nani. Nimekuuliza miche imetoka wapi."

Nadhir alitazama mkeka. Watu wakangoja.

"Ameuliza mara mbili," alisema Adham. "Mimi baba yangu alizikwa akiniusia bustani ile. Mimi nimeacha job yangu. Nina haki ya kujua." Aliposimama, mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka. "Kama hasemi, wallahi maji hayataingia tena kwake. Sitakunywa sumu yake mara ya pili."

Hakuna aliyempinga.

Fawziya alizipata habari hizo kwa Wiam, naye Wiam alizipata kwa mume wa mwalimu mwenzake. Fawziya akamngoja mumewe jikoni. Nadhir alipoingia na kuvua kofia yake, Fawziya hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Ile miche haikutoka Izki," alisema. "Ni ya mama. Niliificha mimi, nikaipanda mimi, nikakudanganya mimi."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilijua siku niliyoionja. Ndizi za Izki hazina ladha ile."

Fawziya akashika ukingo wa meza. "Ulijua, ukanyamaza?"

"Mama alikuwa anacheka, Fawziya. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo." Alijipangusa uso kwa kofia. "Mimi niliyeona ng'ombe wa baba yangu wakifukiwa. Nilikuwa na wajibu wa kuing'oa siku ile ile. Nikala ndizi, nikatoka nje. Sasa nimtaje mkwe wangu mbele ya wanaume, mtu mzima wa miaka themanini, wakati mimi mwenyewe nilijua?"

"Basi nitaje mimi."

"Sikutaji."

"Watakufungia maji. Mitende itakufa."

"Acha ife," alisema. Ni mara ya kwanza Fawziya kumsikia akisema neno kama hilo juu ya mti.

Zamu yake ilipofika, Nadhir alikwenda kwenye mfereji mkubwa kama kawaida, jembe begani. Alimkuta Adham ameshatangulia na vijana wa jamaa zake. Walikuwa wameshajaza mawe kwenye mdomo wa mfereji wake, na saruji ilikuwa inakorogwa pembeni. Mzee Marzouq alikuwepo, anasihi, na hasikilizwi.

"Maji ya migomba nimeyaziba mwenyewe," alisema Nadhir. "Yaache ya mitende. Haya hayateremki kwako."

"Sema miche imetoka wapi."

Nadhir akaingia majini, akainama, akaanza kuondoa jiwe la kwanza. Adham akalirudisha. Nadhir akaliondoa tena. Adham akaokota sururu, akainyanyua juu ya mfereji, na mpaka leo hakuna ajuaye kama alikuwa anataka kupiga jiwe au mkono ulioshika jiwe. Marzouq akapiga ukelele. Nadhir hakuutoa mkono wake.

"Niliipanda mimi!"

Fawziya alikuwa anashuka kwenye ngazi za mawe, buibui limemwanguka mabegani, Wiam yuko nyuma yake anajaribu kumshika. "Niliipanda mimi, Adham. Mume wangu aliichoma, mimi nikaificha nikaipanda. Ukitaka kumpiga mtu, mimi hapa."

Sururu ilibaki hewani.

"Imetoka wapi?" aliuliza Adham, polepole.

Fawziya alimtazama mumewe, aliyekuwa akimtikisia kichwa asiseme. Akamwondolea macho.

"Unguja. Ilikuja na mama yangu."

"Ndizi za kukumbukia," alisema Adham. Alicheka kicheko kibaya. "Bustani ya baba yangu imekufa kwa ndizi za kukumbukia! Baba yangu naye alikuwa na vyake Bujumbura. Alikuwa na mti wa parachichi aliopanda siku niliyozaliwa mimi. Hakubeba hata jani. Hata jani, mnasikia? Alijua ukija kwa watu unakuja mikono mitupu."

Akaiachia sururu ikaanguka majini, akakaa ukingoni, akaufunika uso kwa viganja. Vijana waliokuwa wakikoroga saruji wakaacha. Nadhir alisimama ndani ya mfereji, maji yanampita miguuni, hajui aende wapi.

"Mimi nilijua," alimwambia Adham. "Hilo ndilo nililokuwa nakuficha. Nilikula ndizi zile, na nilijua."

Adham hakuinua kichwa.

Mzee Marzouq alihukumu pale pale. Migomba itang'olewa bustani zote mbili. Mitende ya Nadhir itapata maji yake. Nadhir akadakia kabla hajamaliza: kiwanja chake cha juu, kile kinachopata maji kabla ya watu wote na kisichowahi kupandwa mgomba, Adham akichukue alime atakacho mpaka udongo wake upone, hata kama ni maisha yao yote. Kilikuwa kiwanja chake kizuri kuliko vyote. Fawziya, mwenye mali, alisema, "Nimeridhia." Adham alikubali kwa kuinamisha kichwa. Mkono hakumpa Nadhir.

Bi Turkiya alizipata habari adhuhuri, kwa mwanamke aliyekuja kumpa pole. Mgeni alipoondoka, alimwita binti yake.

"Umenitaja mbele ya wanaume?"

"Nimekutaja, Mama."

"Ungesema ni zako, wewe."

"Walishamsema uwongo mume wangu, Mama. Nisingeweza kuongeza mwingine."

Bi Turkiya alimtazama kama mtu anayetazama nyumba asiyoijua. Jioni ile alimpigia simu Nasr aje kumchukua, akaenda kukaa naye mjini Ibra. Kwenye simu alizungumza na Wiam, akamsalimia hata Mdachi. Fawziya akishika simu, simu ilikatwa.

Kazi ya kung'oa ilichukua msimu mzima. Nadhir alichimba mwenyewe, akasafisha jembe na viatu kwa dawa kila anapotoka, kwa woga kama wa mtu anayetoka wodi ya wagonjwa. Upande wa pili wa ukuta alisikia Adham naye anachimba. Siku nyingine jembe la huku likisimama, la kule nalo likasimama, wote wawili wakasikilizana kimya, kisha kila mtu akaendelea na lake. Bustani ikabaki na mitende tu na mwanga mwingi usiozoeleka. Fawziya akakonda. Alikuwa akipika chakula cha watu wanne, halafu anakumbuka.

Siku moja baada ya Idi, Nadhir alichukua ufunguo wa gari bila kumwambia mkewe, akashika barabara ya Izki mpaka Ibra. Alimkuta mkwewe amekaa kwenye kiti uani kwa Nasr, amevaa kanga juu ya nguo yake, mdogo kuliko alivyomkumbuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kunisuta, Mdachi?"

"Nimekuja kukuchukua."

"Sina uso wa kurudi kule. Watu wote wananijua sasa, bibi kizee aliyeua migomba ya watu."

"Mimi pia wananijua," alisema Nadhir. Alichuchumaa mbele yake. "Fawziya hali chakula. Ukikaa hapa, utakuwa umenichomea na nyumba pia."

Bi Turkiya alizungusha bangili yake mkononi. Kisha akamwita mke wa Nasr amletee begi.

Wakasafiri mpaka wakauona mlima na kuta za kwanza za Birkat al Mauz. Nadhir alipotaka kukata kona ya nyumbani, Bi Turkiya alimgusa mkono.

"Nipeleke kwanza kwa huyo kijana."

"Mama, leo umechoka. Na yeye bado ana hasira."

"Nipeleke."

Nadhir akasimamisha gari mbele ya mlango wa Adham. Alitaka kushuka amshike mkono, Bi Turkiya akakataa. Aliteremka mwenyewe na mkongojo wake, akagonga. Aliyefungua ni Kaltham, mke wa Adham, na Nadhir akaona kutoka garini jinsi yule mwanamke alivyoshtuka, akatazama ndani, tena akamtazama mgeni. Kisha Adham mwenyewe akatokeza nyuma yake, mikono ina vumbi, uso umefungwa.

Wakatazamana, kijana na bibi. Bi Turkiya ndiye aliyesema kwanza.

"Miye ndiye niliyeileta miche," alisema. "Nimekuja uniambie mwenyewe, usiniambie kwa watu. Nilifanya kwa shauku, nikakutia hasara. Sina cha kukulipa. Sema lolote, nitasikia."

Nadhir aliushika usukani kwa mikono miwili. Adham alitazama chini, kwenye viatu vya bibi vilivyoshika vumbi la mlangoni pake.

"Shikamoo, Bibi," alisema mwishowe.

"Marahaba, mwanangu."

"Jua kali. Ingia ndani."

Mlango ukafungwa. Nadhir alibaki garini, injini inanguruma, hajui azime au asizime. Alimpigia simu Fawziya, akamwambia tu, "Mama yuko kwa Adham. Njoo." Fawziya alifika kwa miguu, anahema, akapita mbele ya gari bila kumsemesha, akaingia. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Bi Turkiya, halafu sauti ya Fawziya, halafu kilio, na Nadhir hakuweza kujua ni cha mama au cha binti.

Baadaye Adham alitoka. Alilizunguka gari, akasimama kwenye dirisha la dereva. Bado hakumpa mkono.

"Kile kiwanja cha juu," alisema, "nimetia ndimu. Maji yanaingia vibaya upande wa mlima, yanakaa. Nimejaribu mara mbili."

"Mfereji wa pale una mteremko mdogo," alisema Nadhir. "Lazima uinuliwe."

"Uinuliwe kiasi gani?"

"Siwezi kukuambia mpaka niuone."

Adham alitazama upande wa mlima, kisha upande wa mlango wake, ambako wanawake walikuwa bado wanasemezana.

"Basi zima gari, twende," alisema.